Sahani Nilizowafinyangia Watu wa Goma

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa tangu alfajiri, kwa sababu alisikia mwanawe amepata kazi kwa mapadri, na kwa mama yangu kazi kwa mapadri haikuweza kuwa nyingine ila ya kalamu. Nilishuka kutoka Katindo, tarumbeta ya kambi ya askari ikilia nyuma yangu, nikafika kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya parokia, katikati ya mji. Mkuu wa karakana alinitazama kuanzia kola mpaka viatu. Sote tulimwita Shefu, na hata leo sijui kumwita vinginevyo. Alikuwa mtu mfupi, viganja vimempasuka kama visigino.

"Weye ni mwalimu?" akaniuliza.

"Hapana, Shefu. Nimekuja ku kazi."

"Basi vua ile shati. Udongo haina heshima na mutu."

Akanionyesha rundo la udongo wa kijivu, akaniambia nikande. Nilikanda siku hiyo mpaka jioni, na nikaendelea kukanda kwa miezi sita. Kukanda ni kutoa hewa. Ukiacha kipovu kimoja ndani ya udongo, sahani itapasuka motoni na kuvunja jirani zake, na Shefu alikuwa anajua ni kipovu cha nani. Mama alipoliona shati alilichukua kwenda kulifua. Baba ndiye aliyesema. Sisi ni watu wa vilima vya Masisi, watu wa ng'ombe, na kwetu kufinyanga kulikuwa kazi ya watu waliodharauliwa, ambao hata maji walipewa kwa kikombe cha pembeni. "Nilikusomesha uje kucheza na matope?" aliniuliza, na hakuniuliza tena habari za kazi yangu mpaka alipokufa. Nalisema hili kwa aibu, maana wale waliodharauliwa waliujua udongo kabla yetu sote, na hakuna aliyewahi kuwashukuru, mimi nikiwamo.

Ninyi vijana mnaosoma haya, siwaandikii ili mjifunze kazi. Sidhani kama itakuwepo ya kujifunza. Nawaandikia ili mjue kwamba iliwahi kuwepo, na kwamba wako watu walioitolea jasho lao kwa moyo wote.

Jueni kwanza kwamba Goma haina udongo wa kufinyangia. Tumejenga juu ya mawe ya volkano. Ukichimba shimo la choo unavunja jembe. Udongo wetu ulitoka kwenye bonde lenye majimaji huko Masisi, ukaja kwa lori ukinuka majani yaliyooza. Tuliuloweka kwenye mapipa, tukauchuja kwa gunia, tukauacha ukauke mpaka ushikike. Baada ya kukanda unaupeleka kwenye gurudumu. Letu lilikuwa la kusukuma kwa mguu, ndiyo maana mafundi wa zamani tulikuwa na paja moja nene kuliko lingine. Sahani ikishafinyangwa inakauka kivulini, kamwe si juani. Halafu inachomwa mara ya kwanza, na hapo inaitwa biskwi, ingawa hakuna aliyewahi kuila. Kisha inachovywa kwenye emaye, yaani uji wa mawe na majivu yaliyosagwa, ambao ndani ya moto wa pili huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo.

Lakini moto wa pili una daraja zake. Moto mdogo unakupa chombo kinachovuja jasho kama mtungi, kinachokwaruzika na kumeguka. Moto mkubwa unaukaza udongo mpaka unakuwa jiwe, na hiyo ndiyo gre. Shefu alikuwa ameiona gre alipokwenda kusomea kazi, akarudi na ugonjwa wa kuitamani. Kila alipokunywa chai alikuwa anatuambia jambo lile lile.

"Mama wa Goma anakulia ku sahani ya bati, ikitoboka anatupa. Tutamufanyizia sahani ya gre. Atakulia yeye, mutoto wake atakulia, mujukulu wake atakulia. Siku nitaona bugali ya mutu wa Goma juu ya sahani yetu, njo nitajua nilifanya kazi."

Alisema "sahani yetu" hata kwangu mimi niliyekuwa bado mkandaji. Nadhani hapo ndipo aliponinasa. Tangu siku zile sikutaka kitu kingine katika kazi hii: nione watu wa mji wangu wakila chakula chao cha kila siku kwenye sahani niliyoifinyanga. Si wageni, si mapadri. Watu wa hapa.

Gre yenyewe tuliipata kwa ujinga wangu, na mkitaka kucheka chekeni hapa, maana mbele hapatakuwa na nafasi.

Ndani ya tanuru fundi huweka vijipembe vidogo vya udongo maalumu, vimesimama mstari mmoja mbele ya tundu la kuchungulia. Moto ukifika kiwango fulani cha kwanza kinainama na kulala, halafu cha pili, halafu cha tatu. Ndivyo fundi anavyoupima moto. Kwa Kifaransa vinaitwa montre. Nami, kama mtu yeyote wa Goma, nilijua kwamba montre ni saa. Shefu alikuwa akichoma peke yake na hatukuruhusiwa kusogea, kwa hiyo sikuwahi kuvijua vile vijipembe.

Siku moja tuliwasha tanuru alfajiri, na mchana Shefu akaitwa kwenye mazishi ya shemeji yake. Akaniambia huku anatafuta koti, "Weye utaendelea kutia kuni. Montre ya pili ikilala, funga moto." Akaenda.

Nikafikiri. Montre ya kwanza Shefu ameivaa mkononi. Ya pili basi ni ile saa ya mezani juu ya rafu, iliyokuwa na tabia ya kusimama yenyewe. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya ile saa, nikisubiri ilale. Nikatia kuni, nikarudi, nikaitazama. Siku hiyo, kwa uchokozi wake, ilitembea vizuri kuliko siku zote. Shefu aliporudi jioni alikuta ulimi wa moto mweupe juu ya dohani na mimi nimekaa mbele ya saa kama mwanafunzi.

"Unafanya nini?"

"Shefu, ingali inatembea."

Hakunipiga. Aliketi chini kabisa, akiwa na koti lake la mazishi.

Tulisubiri tanuru ipoe, tukafungua. Rafu za tanuru tulikuwa tumeziinua kwa vipande vya mawe ya volkano, vile vile vinavyojaa uani kwa kila mtu. Mawe yale yalikuwa yameyeyuka na kutiririka juu ya sahani, meusi, yanang'aa. Nyingi zilikuwa zimegandana. Shefu akaing'oa moja iliyosalimika, akaigonga kwa kidole, ikalia kama kengele. Akaijaza maji akaiacha mpaka kesho yake. Chini yake pakabaki pakavu.

"Mupumbavu wangu," akasema taratibu, "umetupikia gre."

Udongo wa Masisi uliuweza moto mkubwa, na jiwe la volkano lilikuwa emaye tayari. Vyote viwili tulikuwa navyo miaka yote, ila tuliogopa kuupandisha moto.

Watu wa Goma hawakuzitaka. Tulizipeleka sokoni, akina mama wakazigonga, wakazigeuza, wakauliza, "Ni udongo?" Tukisema ndiyo, wakazirudisha. Udongo ulikuwa umasikini wa bibi zao, na wao walikuwa wamefika mjini ili wauache. Waliozinunua ni mapadri, halafu wazungu. Shefu alizeeka akisubiri. Miguu ilipokataa gurudumu alinikabidhi karakana, na mwaka uliofuata tukamzika.

Halafu volkano ikashuka. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo siwezi kuwaeleza. Lava ilipita katikati ya mji ikaichukua karakana, tanuru, gurudumu na mapipa. Nilirudi siku ya tatu, nikasimama juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa linachoma soli, sikuweza hata kukisia mlango ulikuwa wapi. Nililia pale mbele za watu, na hakuna aliyenishangaa, kila mtu alikuwa analia juu ya kipande chake.

Nilijenga upya Munigi, kwenye mwinuko nje kidogo ya mji, kwa mikono yangu, na hapo nikafanya kosa ambalo hakuna fundi wa mji mwingine angelifanya. Nilikuwa na jirani, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, Mama Furaha, mwanamke wa kicheko kikubwa. Binti yake aliolewa, nami nikaona ndiyo nafasi. Nikamfinyangia sahani za arusi, nyeusi, kwa emaye ya mawe niliyoyavunja hapo hapo uani kwangu. Sikuwahi kutengeneza nzuri kama zile. Alizipokea kwa vigelegele, akauliza kwa furaha ile rangi ya ajabu inatoka wapi. Nikamwambia kwa majivuno, "Njo ile lava iliyoshuka, Mama. Nimeisaga."

Kicheko kikakatika. Kesho yake alikuja na sahani zote zimefungwa kwenye kitenge, akaziweka kizingitini taratibu, isivunjike hata moja.

"Papa Chantal," akaniita kwa jina la binti yangu, kama majirani wote, "unisamehe. Kaka yangu alirudiaka mu nyumba kuchukua godoro. Hatukuona hata mufupa. Mi nitakulia namna gani juu yake?"

Nilikuwa naishi jirani naye tangu nilipojenga, na sikuwahi kumuuliza lava ilimchukulia nani. Nilikuwa nawaza rangi tu. Mpaka leo nikikumbuka nawaka uso.

Sahani nyeusi zikaenda hotelini. Mkurugenzi wa hoteli moja kando ya ziwa alikuja mwenyewe Munigi, na suti yake, akazishika kama mtu anayeshika mayai. "Wageni wangu wanapenda sana historia," akasema. "Fundi, hii ni volkano mu sahani! Ufanye zote hivi. Na usizitawanye ku watu wa mitaa, zitakosa thamani." Nikamjibu kwamba hapo hapana hatari. Alicheka, akidhani namtania.

Kwa watu wa hapa nikabadilisha emaye. Nikatumia majivu ya mikaratusi, ambayo hutoa kijani cha maji ya mto, rangi isiyomkumbusha mtu maiti. Nikaacha ukubwa wa kizungu, sahani ya mtu mmoja na upweke wake, nikafinyanga pana zenye kina, za watoto wanne kukusanyika. Nilipeleka za kwanza nyumbani. Mke wangu, Mama Chantal, alizisifu kwa dakika nzima, akazifungia kabatini kwenye kioo. Jioni akanipakulia maharage kwenye sahani ya plastiki ya njano.

"Na zile?" nikamuuliza.

"Zile ni za wageni."

"Mimi ni fundi wake!"

"Weye haiko mugeni, Papa Chantal. Kula."

Mwanamke huyu nimeishi naye kwa amani na sina neno baya juu yake. Lakini nataka mjue kwamba katika nyumba yangu mwenyewe nilikula plastiki.

Hata hivyo miaka ile ilikuwa mizuri, kama ningejua. Kulikuwa na mafundi sita chini yangu, wanawake wanne na wanaume wawili. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilileta kuni, lori lilileta udongo, tanuru haikupoa. Kisha barabara ya Masisi ikaanza kufungwa. Mwezi inafunguliwa, mwezi inafungwa. Dereva wangu wa lori akaniambia siku moja, "Muzee, pale penye tunachimbaka udongo, sasa banachimba mahandaki," na hakwenda tena. Tulianza kuchanganya udongo uliobaki na vyombo vibichi vilivyoharibika, tukaloweka hata mavumbi ya sakafuni. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja. Sikumzuia yeyote, ningemzuia kwa nini?

Vita vilipoingia mjini, sisi wa Munigi tulilala sakafuni siku kadhaa. Tulipoinuka, uwanja wa ndege umefungwa, wazungu wameondoka, hoteli iko tupu. Mkurugenzi alinitumia salamu kwamba nisilete kitu. Tanuru ilikuwa imepoa tangu kabla ya hapo. Mikono yangu nayo ilikuwa imeanza kutetemeka, na mfinyanzi anayetetemeka ni kama karani asiyeona. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hapakuwa na hotuba wala cheti. Asubuhi moja niliketi mbele ya gurudumu, nikagundua kwamba sina udongo, sina mnunuzi na sina mikono, nikarudi ndani kulala.

Katika siku zile za vurugu watu kutoka kambi za wakimbizi wa vita za Kanyaruchinya walitapakaa kila mahali, na familia tatu zikaingia kwenye banda langu la karakana. Aliyekuwa kama mkubwa wao aliitwa Mama Riziki, mwanamke wa vilima vya Masisi, ana watoto watano na mama mkwe asiyeweza kutembea bila kushikwa. Alikuja mlangoni akaomba ruhusa ya kukaa, akapiga magoti, nami nikamwinua haraka kwa sababu mimi ni mtu wa kule kule, na angeweza kuwa binti yangu.

Walikuwa na sufuria na vibakuli viwili vya plastiki, basi. Bandani rafu zilijaa sahani za kijani ambazo hazikuuzwa. Niliwaambia wachukue. Mama Riziki aliigeuza mojawapo, akakwaruza chini pale pasipo na emaye, akanusa.

"Ile udongo ni ya wapi, Papa?"

Nikamtajia bonde.

"Kumbe!" Akawaita watoto. "Mukuje muone, ni udongo ya kwetu! Pale ng'ombe ya babu yenu bilikuwa binakunywaka maji."

Siku hiyo mchana walipika bugali na mboga za lengalenga. Niliketi kwenye kizingiti changu nikawatazama. Watoto watano walizunguka sahani moja pana, vidole vinagongana, mdogo anachota mboga kwa kuiba. Bibi alipewa yake peke yake, akaishika mapajani kwa mikono miwili, akasema inatunza moto, chakula hakipoi haraka. Walikula asubuhi na jioni, siku baada ya siku, bila kuzisifu, bila kuziogopa, kama watu wanavyokula. Wakaziosha kwa majivu, wakaziegemeza ukutani zikauke. Niseme wazi: niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mama Chantal alipobisha kuuliza nina nini, nilimwambia nimepaliwa.

Kisha amri ikatoka kwamba kambi zivunjwe na watu warudi kwao. Wakapewa siku chache. Kwao ni wapi, nyumba ipo au imechomwa, hilo hakuna aliyewajibu. Mama Riziki alifunga mizigo asubuhi mapema. Nilipotoka nilikuta sahani zote mlangoni pangu, zimeoshwa, zimepangwa, pana chini na ndogo juu.

"Nilikupa," nikamwambia. "Ni zenu. Zipeleke nyumbani."

"Aksanti sana, Papa. Tunakuachia."

"Beba basi mbili tu, ya watoto na ya bibi. Beba moja."

Akanitazama kwa huruma, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka na mimi ndiye ninayebaki, na bado akanihurumia. Mgongoni alikuwa na mtoto, kichwani turubai na sufuria, mkono mmoja umemshika mama mkwe. Vibakuli vya plastiki alikuwa amevifunga kiunoni kwa kamba.

"Papa, iko nzito," akasema. "Tulikimbia mara ine. Ile sahani yako iko muzuri, sijakulia ku sahani muzuri hivi. Lakini ni sahani ya mutu mwenye hakimbiake."

Wakashika njia ya kushukia mjini, ili kutoka hapo waifuate ile ya Sake, ya kwenda Masisi, bibi akihesabu hatua zake kwa sauti. Niliinama kuziinua sahani, nikashindwa, Mama Chantal akaja kunisaidia. Maisha yangu yote nilidhani watu wa hapa hawazipendi sahani zangu. Afadhali ingekuwa hivyo.